Nyumba bila ardhi
Nyumba bila ardhi ni umiliki wa nyumba peke yake, huku kiwanja kikiwa cha mtu mwingine. Umezoeleka Pwani ya Kenya, hasa Mombasa. Mzizi mmoja wa mgogoro wa ardhi huko ni Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, iliyowataka wenye ardhi katika ukanda wa pwani wa maili kumi waiandikishe. Wamijikenda wengi, wenyeji wa Pwani, wakabaki bila hati, wakaishi kwenye viwanja vya wengine. Mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja, na aghalabu hukatazwa kubomoa ukuta wa udongo ajenge wa mawe. Kodi ikipandishwa atahamia wapi, na nyumba haibebeki? Kiwanja kikiuzwa, mnunuzi huweza kudai nyumba ivunjwe. Wengi hukutana mahakamani.