Mkataba Uliompeleka Kibarua Jela

Wengi wetu katika chama hiki tuna mababu waliotoka Kivu, Katanga au Maniema. Habari za migodi tumezisikia sana. Za vibarua wa mashamba ya kahawa, chai na michikichi tumezisikia kidogo. Lakini sheria zilizowafunga vibarua hao zilijadiliwa hapa hapa Brussels, kwenye Baraza la Koloni.

Katiba ya koloni ya tarehe 18 Oktoba 1908 ilisema kwamba mtu asilazimishwe kufanya kazi kwa faida ya kampuni au mtu binafsi. Kwenye karatasi, basi, kibarua aliingia mkataba kwa hiari. Lakini kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu, na waandikishaji walipofika kijijini, chifu alitakiwa kutoa vijana.

Baadaye ikaja amri ya kifalme ya tarehe 16 Machi 1922 kuhusu mkataba wa kazi. Mwafrika aliyeacha kazi kabla ya muda wake kwisha alihesabiwa kuwa mhalifu, na aliweza kufungwa. Tulinganishe na sheria ya Ubelgiji ya tarehe 10 Machi 1900: Mbelgiji aliyevunja mkataba alidaiwa fidia tu. Mji uliotoa sheria hizo mbili ni mmoja, na neno “mkataba” ni lile lile. Kwa mmoja lilimaanisha deni, kwa mwingine jela.

Matokeo yake yalionekana Kwilu. Kampuni ya mafuta ya mawese ya Lever, iliyopewa mkataba wa ardhi mwaka 1911, ilihitaji wakata ngazi wengi sana. Mwaka 1931 bei ilianguka, kodi haikupungua, uandikishaji wa nguvu ukaendelea. Wapende wakaasi, na zaidi ya watu 500 wakauawa.

Kivu ilifuata njia nyingine. Kuanzia mwaka 1937 serikali ilihamisha familia kutoka Rwanda hadi Gishari, Masisi. Sababu moja ilikuwa msongamano na njaa Rwanda. Nyingine ilikuwa haja ya walowezi ya kupata wafanyakazi. Ugomvi wa ardhi na uraia uliotokana na uhamisho huo haujaisha hadi leo.

Mwaka 1939 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuondoa adhabu za jela kwa wafanyakazi wa makoloni waliovunja mikataba. Leo, wageni wanaochuma matufaha na peasi karibu na Sint-Truiden wanafanya kazi chini ya sheria nyingine. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014 linampa mfanyakazi wa msimu kutoka nje ya Umoja nafasi ya kuongeza muda na kwenda kwa mwajiri mwingine, walau mara moja.

Mara moja si nyingi. Ndiyo maana tunapendekeza kwamba kila sheria ya vibarua ipimwe kwa swali hili: anayetaka kuondoka, inamfanya nini?