Uzoeshaji mwanga: kutoka kitalu cha mikorosho hadi okidi ya dirishani

Uzoeshaji mwanga ni kazi ya kuuhamisha mmea hatua kwa hatua kutoka kwenye mwanga uliokulia hadi kwenye mwanga utakaoishi nao, kwa muda wa kutosha kujirekebisha bila kuungua wala kudumaa. Wakulima wa mikorosho wa Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, wanaifahamu kazi hii vizuri, kwa sababu mche usiozoeshwa jua hufa shambani mbele ya macho yao. Anayeihitaji vilevile ni mtu aliyenunua okidi mjini na kuipeleka nyumbani kwake Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, kisha akaona majani yake yakibadilika rangi ndani ya wiki moja. Makala haya yanaeleza istilahi hiyo, mantiki yake, na namna inavyomsaidia mwenye okidi.

Katika lugha za Ulaya kazi hii hutajwa kwa neno lenye asili ya Kifaransa, acclimater, lililojengwa juu ya neno la tabianchi. Lilienea wakati mataifa ya Ulaya yalipokuwa yakihamisha mimea na wanyama kutoka bara moja hadi jingine. Mwaka 1854 iliundwa Paris jumuiya ya wataalamu kwa ajili ya shughuli hiyo peke yake. Kwetu, Wajerumani walianzisha kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na moja ya kazi zake ilikuwa kujaribu mimea ya kigeni katika ardhi na hali ya hewa ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo neno hilo lilizaliwa na jambo kubwa: mmea kubadilishiwa tabianchi nzima, yaani joto, mvua, udongo na majira.

Okidi ya ndani haihitaji kuvuka bahari ili ipate taabu. Ukiitoa sebuleni ukaiweka barazani, tabianchi ni ileile, lakini mwanga unaoipata unaweza kuongezeka mara kumi au zaidi. Ndiyo maana tafsiri kama “kuzoesha tabianchi” haitoshi hapa. Inataja mambo mengi mno, na lile moja linalouunguza mmea halionekani ndani yake. Istilahi inayomfaa mpanda maua lazima iutaje mwanga wenyewe.

Kuhusu kitenzi, Kiswahili hakina upungufu. Mzizi wa -zoea umezaa familia kubwa: mazoea ni tabia iliyokwisha kukaa; uzoefu ni maarifa yaliyopatikana kwa kufanya; zoeza imetupa mazoezi, ambayo leo yanatupeleka moja kwa moja uwanjani au darasani. Maneno haya yote yana kazi zake, na kuyaongezea maana ya kibotania kungeleta mkanganyiko. Imebaki -zoesha, ambayo watu huitumia kila siku bila kuifunga kwenye taaluma fulani: kumzoesha mtoto uji, kumzoesha ng’ombe jembe, kuzoesha miche jua. Kutokana nayo tunapata uzoeshaji, kazi ya mtu. Kutokana na -zoea tunapata uzoeaji, kazi ya mmea. Ni mambo mawili tofauti. Mwenye okidi hazoei chochote kwa niaba ya mmea wake. Anapanga mwanga, halafu mmea unajirekebisha kwa kasi yake wenyewe. Mtu akizichanganya kazi hizi mbili, huishia kukihamisha chungu kila siku akidhani anausaidia mmea.

Jambo hili linaonekana waziwazi kwenye kitalu cha mikorosho. Mbegu hupandwa katika viriba vilivyojazwa udongo, chini ya kivuli cha nyasi, makuti au neti. Shina likifikia unene wa penseli, hubebeshwa kikonyo kilichotoka kwenye mti bora, na kiungo hufungwa kwa utepe wa nailoni. Kituo cha utafiti cha Naliendele, mkoani Mtwara, ndicho kinachoongoza utafiti wa korosho nchini, na miche ya kubebesha imekuwa sehemu kubwa ya kufufua mashamba ya kusini. Kikonyo kikishika na kutoa majani mapya, mche unaonekana umekamilika. Bado. Majani hayo yametengenezwa kivulini, na shambani mche utasimama peke yake, mita 12 kutoka kwa mwenzake, bila kitu cha kuukinga.

Mtunza kitalu mwangalifu huanza kupunguza kivuli mapema kabla ya siku ya kupanda. Huondoa nyasi kidogo kidogo juu ya kichanja, au husogeza viriba kuelekea ukingoni jua la asubuhi linapofika, akiacha jua la utosini kwa siku za mwisho. Mvua za Desemba na Januari zikishika, mche unakwenda shambani ukiwa na majani yaliyokwisha kuliona jua. Mche uliotolewa kivulini moja kwa moja huonyesha kosa hilo baada ya siku chache tu: jani hupauka, sehemu iliyopauka hugeuka kahawia, hukauka, kisha huvunjika ukiishika. Huko ndiko kubabuka.

Ndani ya jani, sababu ni hii. Jani la kivulini ni pana na jembamba, na lina umbijani mwingi uliopangwa ili kunasa kila mwanga mdogo unaopita. Jani la juani ni nene zaidi, lina tabaka nyingi za seli zinazofanya usanisinuru, na lina akiba kubwa ya rangi za manjano zinazogeuza mwanga wa ziada kuwa joto lisilo na madhara. Jani la kivulini likipigwa ghafla na jua kali, hunasa mwanga mwingi kuliko linavyoweza kutumia. Nishati hiyo ya ziada huzalisha oksijeni yenye ukali wa kikemikali, nayo huharibu mitambo ileile ya usanisinuru. Jani lina uwezo wa kujitengeneza, ila uharibifu ukiizidi kasi ya matengenezo, seli hufa na doa halifutiki.

Hapa kuna jambo ambalo kila mwenye okidi anapaswa kulishika. Jani lililokomaa linaweza kubadilisha kemia yake katika siku au wiki chache: likapunguza umbijani, likaongeza rangi za kinga. Unene na umbo lake haliwezi kuvibadilisha tena. Mmea huzoea mwanga mpya kikamilifu pale tu unapotoa majani mapya yaliyojengwa ndani ya mwanga huo. Mkorosho mchanga hufanya hivyo upesi. Okidi inayouzwa zaidi kwa ajili ya nyumbani, Phalaenopsis, ile yenye majani mapana na maua yanayofanana na nondo aliyetandaza mabawa, hutoa majani machache tu kwa mwaka. Basi uzoeaji wake hupimwa kwa miezi.

Fikiria safari yake. Imekulia katika banda lenye kivuli kilichopimwa, ikakaa dukani chini ya taa, ikafungwa kwenye boksi, ikasafiri gizani kutwa nzima ndani ya basi kupitia Lindi hadi Masasi, kisha ikapanda kwenda Newala. Inapofunguliwa, mwenyeji kwa upendo wake huiweka palipo na jua zuri zaidi nyumbani. Jua la mchana mahali pa wazi hufikia takriban lux 100,000. Phalaenopsis hustawi katika mwanga wa kama lux 10,000 hadi 20,000. Na katikati ya sebule yenye dirisha dogo na baraza pana la mabati, mwanga mara nyingi haufiki lux 1,000. Penye jua itababuka. Katikati ya sebule itaishi, lakini majani yatakuwa ya kijani kizito, yatalegea, na maua hayatarudi.

Mahali pazuri ni karibu na dirisha, na dirisha lichaguliwe kwa kulijua jua la kwetu. Vitabu vingi vya okidi vimeandikwa kwa wasomaji wa Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana hukaa kusini, na onyo lao ni kuhusu dirisha la kusini. Newala iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Kuanzia takriban tarehe 20 Februari hadi 22 Oktoba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Mwezi Juni huinama kiasi cha kuingia ndani kupitia dirisha la kaskazini na kuangukia meza. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Februari jua hupita kusini, lakini kwa mwinuko mkubwa kiasi kwamba ukingo wa paa hulizuia saa za mchana. Linaweza kupenya kwa ubavu asubuhi na jioni tu. Kwa hiyo juu ya uwanda huu dirisha la kusini ndilo lenye mwanga mpole karibu mwaka mzima, na la kaskazini ndilo linalohitaji pazia jepesi. Dirisha la mashariki linafaa, kwa kuwa jua la asubuhi halina ukali wa saa nane. La magharibi ni la kuogopwa zaidi, hasa Masasi, iliyo chini na yenye joto kuliko Newala.

Uzoeshaji wenyewe uende hivi. Wiki mbili za kwanza, iweke okidi mahali penye mwanga lakini pasipofikiwa na jua la moja kwa moja, na usiihamishe. Baada ya hapo isogeze karibu na dirisha kwa hatua fupi, ukikaa wiki moja au mbili kati ya hatua na hatua. Saa sita mchana, nyoosha mkono juu ya majani kwa umbali wa futi moja. Kivuli cha mkono kikiwa cheusi na kingo zake zimekatika wazi, mwanga umezidi. Kikiwa chepesi, kingo zikiwa zimefifia, mwanga unafaa. Kisipoonekana kabisa, hapo ni giza kwa okidi. Gusa pia jani: likiwa la moto mkononi, ondoa mmea mara moja bila kungoja doa.

Chunguza jani mahali linapojikunja, kwenye kilele cha mkunjo wake. Doa la kuungua huanzia hapo, kwa sababu hapo ndipo jua linapopiga kwa unyoofu. Huanza kama sehemu nyeupe kavu, nyembamba kama karatasi, halafu huzungukwa na ukingo wa kahawia. Doa la namna hiyo likiwa kavu na halisambai, si ugonjwa. Usilikate jani, kwani sehemu iliyobaki hai bado inaulisha mmea. Kadiri mwanga unavyoongezeka, mizizi nayo hukauka upesi. Mizizi iliyolowa ni ya kijani, iliyokauka ni ya rangi ya fedha, na rangi hiyo ndiyo saa yako ya kumwagilia. Kwa bahati njema, kaya nyingi za uwandani, ambako maji ni adimu tangu zamani, huvuna maji ya mvua kutoka paani, na hakuna maji yanayoipendeza okidi kuliko hayo.

Istilahi hii ina majirani, na mipaka yao iwekwe wazi. Ukomazaji ni mpana zaidi: mtunza kitalu anapokomaza miche hupunguza kivuli na maji pamoja, ili mche uwe mgumu kwa kila shida ya shambani. Uzoeshaji mwanga ni sehemu moja ya ukomazaji, na okidi ya ndani inahitaji sehemu hiyo tu. Ukiinyima maji kwa nia ya kuikomaza utaidhuru. Ustahimilivu ni uwezo wa kuzaliwa nao. Okidi ya porini Ansellia africana, yenye maua ya manjano yaliyotapakaa madoa ya kahawia kama ya chui, huota juu ya miti katika misitu ya wazi na hustahimili mwanga ambao Phalaenopsis haiwezi. Hakuna uzoeshaji utakaoifanya moja iwe nyingine. Pia hakuna haja ya kuing’oa Ansellia mtini kuileta sebuleni: itapoteza mwanga wake, na familia nzima ya okidi inalindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES.

Istilahi huthibitishwa na matumizi. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, linaweza kuisanifisha hii, na walimu wa kilimo wanaweza kuifundisha, lakini mahali pake pa kwanza ni kibandiko cha chungu na mazungumzo ya kitaluni. Muuza okidi akiandika kwamba mmea umezoeshwa kivuli cha nusu, mnunuzi wa Newala atajua aanzie wapi. Muuza miche ya mikorosho akisema miche yake imezoeshwa jua kwa wiki mbili, mkulima wa Masasi atajua kama aipande kesho au aiweke kwanza chini ya mwembe. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, iwe ni kwa ajili ya okidi moja au miche mia, mnunuzi aulize swali ambalo istilahi hii imemtengenezea: umezoeshwa mwanga gani, na kwa muda gani?