Wageni wa Chovai

Kwenye ramani za zamani kisiwa hiki kimeandikwa Tovai, na jirani yake wa kusini Tula. Wenyewe, Wabajuni, husema Chovai na Chula. Ile t ya Waswahili wengine, Mbajuni mara nyingi huigeuza ch: mtu kwake ni mchu, tatu ni chachu. Waliochora ramani huenda waliwasikiliza mabaharia wa Lamu kabla ya kuwasikiliza wenye kisiwa. Ni herufi moja tu, lakini ishike, tutaihitaji mbele.

Ukitoka Kismayo, Somalia, kwa mashua kuelekea kusini, visiwa vya Wabajuni vimejipanga safu moja sambamba na bara, vyote vya matumbawe. Koyama hutangulia, kisha Chovai, kisha Chula. Hivyo vitatu ndivyo vilivyokuwa na watu zaidi. Kule Italia, kijiji kidogo cha milimani huwaita watalii kwa mambo matatu: njoo uone mazingira, ujue historia, ucheze michezo. Chovai haikukosa hata moja kati ya hayo, na Italia yenyewe iliwahi kuitawala. Wageni pia wamefika katika visiwa hivi, ila hakuna aliyekuja kupumzika.

Mwaka 1875 meli za Khedive wa Misri zilitia nanga Kismayo na kuteremsha askari, kana kwamba Sultani wa Zanzibar hayupo. Uingereza ilikemea, nao wakaondoka baada ya miezi michache. Mapema karne ya ishirini alifika Mwingereza C.W. Haywood huko Birikau, kusini zaidi, na baadaye akasema alipata rundo la sarafu: za Wamisri wa enzi za Ptolemaio, za Warumi, na hata za Waturuki. Maelezo ya sarafu hizo yalichapishwa mwaka 1932, na baadhi ya wataalamu wamezitilia shaka. Rundo moja lililokusanya fedha za karne zote hizo, ama mwenyewe aliishi muda mrefu sana, ama kuna mkono ulioongeza.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia ardhi ya ng'ambo ya mto Juba, ikiwa malipo ya kusimama upande wake katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waitaliano waliiita Oltregiuba, wakamweka Corrado Zoli aisimamie, na mwaka uliofuata wakaiunganisha na Somalia yao. Wabajuni wa Kiunga na Faza wakabaki wa Kenya, ndugu zao wa Chovai wakawa wa Roma. Wakati huohuo J.A.G. Elliott alikuwa akichapisha jijini London mfululizo wa makala juu ya safari yake visiwani. Kwa hiyo Waingereza walikuwa wakivisoma visiwa hivi wakati ambapo havikuwa tena vyao.

Mgeni ninayempenda ni Vinigi Grottanelli, Mtaliano aliyekuja mapema miaka ya 1950 na kuandika kitabu kizima juu ya wavuvi hawa, kilichotoka mwaka 1955. Yeye alikuja kutazama kazi. Na kazi ya kutazamwa ilikuwepo, hasa uvuvi wa chazo. Chazo ni samaki mwenye kitu kama unyayo kichwani, ambao huutumia kunata kwenye miili ya wakubwa: papa, kasa, hata mbao za chombo. Mvuvi humfunga uzi mkiani na kumbeba akiwa hai. Kasa akionekana, chazo hutupwa majini naye huenda kunata gambani. Hapo ndipo ustadi unapoanza. Ukivuta kwa pupa, uzi hukatika au chazo huachia. Ukilegea, kasa huzama chini ya mwamba. Unampa uzi, unamrudisha, unampa tena, mpaka achoke. Anayeteremka mlima wa theluji na fito mbili miguuni huita hiyo michezo. Wabajuni waliita riziki, na magamba ya kasa aina ya ng'amba yalisafiri mpaka Arabuni na Bara Hindi. Siku hizi kasa wamepungua na kuwavua kumekatazwa kwingi, na sioni ubaya wa hilo.

Mwaka 1968 Neville Chittick, yule aliyechimba Kilwa, aliipitia pwani hii akihesabu misikiti iliyobomoka na makaburi ya nguzo. Baada yake mwanaisimu Derek Nurse alikusanya maneno ya Kibajuni, na humo ndimo zilimo zile ch zetu.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka. Wabajuni hawakuwa na bunduki wala ukoo mkubwa wa kuwakingia kifua, na kilichofuata kilikuwa uporaji wa mashua, nyavu na nyumba. Wengi walipanda vyombo wakashuka hadi Mombasa, wakawekwa kambini Jomvu. Kutoka hapo baadhi walifika Ulaya.

Huko walikutana na mwenyeji mwenye maswali. Mkimbizi anayejiita Mbajuni wa Somalia huenda ni Mswahili wa Mombasa anayetafuta hati, basi maofisa wa Uingereza wakaanza kumpima. Mwaka 2004 mahakama ya uhamiaji ilitoa uamuzi wa mwongozo: itazamwe anavyokijua Kibajuni, anavyokijua Kisomali, na anavyoyajua maisha ya visiwani. Nurse, aliyekuja kusikiliza maneno, akajikuta maandishi yake yanapekuliwa katika kesi za watu.

Hivyo kijana aliyetoka Chovai akiwa mdogo, akakulia kambini ambako kila mtu anazungumza Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, huketi mbele ya meza na kuulizwa jina la kisiwa kilicho kusini mwa chao. Akijibu Chula, ofisa huandika. Na akijibu Tula, kama ramani inavyosema?