Baraza

Baraza, kwa maana ya nyumbani, ni ukingo wa mawe uliojengwa pamoja na ukuta wa mbele wa nyumba, ambao katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar hukaliwa na wanywaji wa kahawa chungu na wacheza bao, na mvua ya masika inapojaza njia hugeuka kuwa njia ya kupitia, jambo ambalo huenda ndiyo matumizi yake ya busara zaidi. Jina hilohilo limepewa vyombo vya serikali, likiwemo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa Tanzania mwaka 1967, na nchini Kenya baraza la chifu ni mkutano wa hadhara, ambako wananchi wengi hukaa nyasini.