Picha, ngoma na siku za kimya Somanda

Haya wadau, nimerudi kampasi salama. Bumu bado halijatoka, maji ya hosteli yanakuja alfajiri tu, na yule jamaa wa chumba cha pili bado anafungulia muziki mpaka saa nane usiku. Kwa kifupi hakuna kilichobadilika. Nimewamisi kweli.

Wengi mmeniuliza likizo nilipotelea wapi. Nilikuwa nyumbani Somanda, pale mjini Bariadi, mkoa wa Simiyu (sisi ni mkoa tangu 2012, zamani tulikuwa Shinyanga). Siku zenyewe zilikuwa za kimya, kimya kile cha kiangazi pamba ikishavunwa. Nilikuwa na kamera ya kuazima, michembe na karanga, na bibi yangu. Basi.

Siku moja nilichukua bodaboda nikaenda kupiga picha Mto Simiyu, mto uliotupa jina la mkoa. Ukienda kiangazi unaweza kucheka. Mto ni mchanga mtupu! Watu wanachimba mchangani kutafuta maji, ng'ombe wanasubiri zamu yao. Lakini ngojeni niwape historia kidogo, si ndiyo kozi yangu.

Februari 1875 Henry Morton Stanley, mzaliwa wa Wales, alipita Usukuma akitokea Bagamoyo, wapagazi wamembebea mashua yake Lady Alice vipande vipande. Tarehe 27 akafika Kageyi, kando ya Ziwa Victoria. Tarehe 8 Machi akaingia ziwani kulizunguka, akarudi tarehe 6 Mei. Jamaa alikuwa na kamera pia, na katika kitabu chake cha 1878 kuna mchoro wa Kageyi uliotokana na picha aliyoipiga mwenyewe. Humo humo akaandika kwamba mto wetu, aliouita Shimeeyu, ndio chanzo cha mbali kabisa cha Nile upande wa kusini. Mnaona heshima hiyo? Sema alikosea. Leo chanzo hicho kinatafutwa kwenye vijito vya Mto Kagera, huko Rwanda na Burundi. Lakini kosa lilishachapwa kitabuni, na kitabu kikasomwa dunia nzima.

Shikeni hilo, nitalirudia.

Nyumbani hatuna picha ya babu. Ilikuwepo moja ndogo, ya studio, mchwa wakaingia sandukuni wakala uso, wakabakiza bega na kola ya shati. Bibi bado anaitunza hiyo kola ndani ya kitambaa. Mimi babu sikumkuta. Ninachojua ni kwamba alilima pamba na alicheza ngoma.

Kwa wasiotoka kwetu: Wasukuma tuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Inasimuliwa kwamba vilianzishwa zamani za kina bibi wa bibi zetu na wacheza ngoma wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Mavuno yakiisha, makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, moja huku, jingine kule. Hakuna jaji wa kukaa mezani. Watazamaji wanahama wenyewe, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo wanatumia kila kitu: nyoka, fisi, majembe yanayorushwa juu, dawa za kuvutia watu, na zaidi ya yote nyimbo za kumsema mwenzako. Na nyimbo si za uwanjani tu. Watu walilima kwa kuimba. Mtafiti mmoja Mmarekani, Frank Gunderson, alichapa kitabu kizima cha nyimbo za kazi za Wasukuma mwaka 2010.

Sasa babu alikuwa Bagalu. Miaka ya 1960, wakati pamba ina pesa na chama kikuu cha ushirika cha kina Paul Bomani kina nguvu Kanda ya Ziwa, babu aliuza ng'ombe akanunua dawa ya ngoma. Siku ya mashindano watu wote wakahamia kwa Bagika. Wakamtungia wimbo: jina lake, jina la baba yake, rangi ya ng'ombe aliyeuzwa, na namna alivyorudi nyumbani na ngoma kichwani. Wimbo wa kumcheka. Kikundi chake mwenyewe hakikumwimba, au kama kilimwimba umesahaulika. Wapinzani ndio walionitunzia babu.

Bibi aliniimbia wimbo huo likizo ya mwaka jana. Nikarekodi kwa simu, dakika kama kumi na moja. Nikajiambia nitauhamishia kwenye kompyuta nikifika chuo. Simu ikaibiwa stendi kabla sijapanda basi. Sikumwambia mtu, hata bibi. Niliona aibu. Mtu mzima unasomea historia, unapoteza kitu kama kile kwa uvivu wa siku mbili!

Ndiyo maana safari hii nilikwenda na kamera, daftari na simu mbili. Asubuhi ya tatu nikamkuta ameketi juani. "Mwangaluka, bibi." Akaitikia. Nikamwomba aniimbie tena ule wimbo wa babu. Akanitazama: "Mume wangu, si nilikupa?" Ikabidi nikiri. Akacheka, akanyamaza muda mrefu, akaanza.

Wadau, umri si rafiki. Rangi ya ng'ombe ameisahau. Jina la baba yake babu lilimtoka, likarudi, likamtoka tena. Halafu ikafika sehemu ya mwisho, pale watu wanapohama. Mwaka jana walihamia kwa Bagika. Mwaka huu wamehamia kwa babu!

Nikamwambia kwa adabu, bibi, mwaka jana babu alishindwa. Akasema, "Kafa siku nyingi, mume wangu. Mwache ashinde."

Nilipiga picha yake pale pale, ameshika kile kitambaa chenye kola. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizopiga. Za mtoni zote nimezifuta.

Sasa nina kazi ya kuandika kuhusu masimulizi kama chanzo cha historia, na darasani tunaambiwa udhaifu wake ni kwamba yanabadilika. Kweli, nimeshuhudia kwa masikio yangu. Ila Stanley alikuwa na kamera, daftari na mchapishaji, na bado Nile aliikosea. Tofauti ni kwamba bibi alijua anachobadilisha, na aliniambia sababu.

Nitaandika matoleo yote mawili, la kushindwa na la kushinda, na nitasema lipi lilitangulia. Mhadhiri akinikata maksi, poa tu. Rekodi mpya iko sehemu tatu, mojawapo ni kwa dada yangu Mwanza. Rangi ya ng'ombe nayo naikumbuka kichwani: mwekundu, mwenye doa jeupe ubavuni. Nimeiandika hapa ili nisije nikaisahau na mimi.

Kesho kipindi saa moja asubuhi. Usiku mwema, wana.