Ngika, Gumha na umati wa Usukuma

Usukumani, ngoma ilikulia shambani. Mvua zikianza, vijana walilimiana mashamba kwa zamu, na ili mikono isichoke waliinua majembe kwa kufuata mdundo. Mavuno yakishaingia ghalani, mnamo Juni, kundi lilelile lilikuwa na chakula, nguvu na nafasi ya kucheza. Lililobaki ni kumpata kiongozi wa kuwavuta watu.

Katikati ya karne ya 19 walitokea wawili, Ngika na Gumha, wote wachezaji na wote waganga. Kila mmoja alidai dawa yake ni kali kuliko ya mwenzake. Lakini dawa ya mvuto utaipimaje? Simulizi zinasema shauri lilimalizwa uwanjani: wacheze kwa wakati mmoja, na atakayezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na hapo Usukuma ukagawanyika kishabiki kama Simba na Yanga.

Ushindi hutoka wapi? Wazee wengi hutaja samba, dawa ya kuvuta watu. Mimi naangalia zaidi uwanja wenyewe. Mchezaji anayejua kwamba shabiki wake anaweza kuvuka hatua chache tu akahamia kwa mpinzani hana budi kubuni jambo. Ndiyo maana yuko anayecheza na nungunungu, na yuko anayemtoa chatu kwenye sanduku na kumviringisha shingoni, huku watu wa upande wa pili wakianza kugeuza vichwa. Hata hivyo dawa tusiidharau: anayeamini amekingwa humshika nyoka bila kutetemeka, na umati huliona hilo.

Wamisionari wengi waliziona ngoma na dawa hizo kuwa ushirikina mtupu. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, aliona vingine. Miaka ya 1950, huko Bujora, Kisesa, wilayani Magu, aliipa ngoma nafasi katika sikukuu ya Ekaristi, na kwa sababu ya maua ya maandamano yake, sherehe ikaitwa Bulabo, yaani maua. Mwaka 1968 Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa hapohapo.

Bulabo ikifika, Bagika na Bagalu bado hupiga ngoma kwa wakati mmoja, na vumbi huwa zito zaidi katikati yao, pale watazamaji wanapokimbia huku na huko.