ADHD na matatizo ya kujifunza kwa watoto

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kusikiliza kwa muda au kujizuia. Haitokani na ukaidi wala malezi mabaya. Kwa sehemu kubwa hurithiwa. Daktari George Still wa London alieleza watoto wa namna hii mwaka 1902. Mwongozo wa Marekani wa matatizo ya akili, DSM-5 (2013), unataka dalili ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, tena katika zaidi ya mahali pamoja, kama nyumbani na shuleni.

Watoto wengi wenye ADHD wana pia tatizo la kujifunza, hasa disleksia, yaani ugumu wa kusoma. Kiswahili huandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia hujulikana zaidi kwa kusoma polepole kuliko kwa kukosea. Akifika kwenye Kiingereza, ambacho tahajia yake mara nyingi haifuati matamshi, tatizo hujitokeza waziwazi, na mzazi huambiwa mwanawe ni mvivu.

Nyumbani husaidia ratiba isiyobadilikabadilika, agizo moja fupi kwa wakati (“lete ndoo”, kisha “nawa miguu”) na sifa ya papo hapo. Fimbo haifundishi kutulia. Methilifenideti, dawa iliyotengenezwa kwanza mwaka 1944, hupunguza dalili za ADHD kwa watoto wengi, ila haimfundishi mtoto kusoma. Hiyo ni kazi ya mwalimu mvumilivu anayeunganisha sauti na herufi hatua kwa hatua.